Diski ya Zamani na Kompyuta Mpya

Katika kata ya Migato, iliyomo ndani ya Wilaya ya Itilima, ambayo kabla ya kuundwa kwa Mkoa wa Simiyu mwaka 2012 ilihesabiwa kuwa sehemu ya Bariadi, mtu akiuliza matokeo ya mtihani wa muhula, au orodha ya wakulima waliopeleka pamba katika ghala la ushirika, au kumbukumbu za kikao cha kamati, hapelekwi tena kila mara kwenye kabati la chuma lenye majalada. Aghalabu huelekezwa kwa mtu mmoja, mwalimu au karani, na mtu huyo hufunua kompyuta mpakato iliyochakaa pembe zake, akaisubiri kwa subira mpaka iamke, kisha akalitafuta faili linalotakiwa kati ya mafaili mengine mengi yaliyorundikwa pasipo mpango.

Lakini mashine, kama kila kilichoundwa na mkono wa binadamu, ina ajali yake. Betri huvimba ikausukuma ubao wa herufi juu, bawaba za kifuniko hukatika, na feni hujaa vumbi la barabara wakati wa kiangazi na vumbi la chaki wakati wa masomo, mpaka mashine ikawa inazimika kwa joto katikati ya kazi. Tena zipo mashine ambazo hazina ugonjwa wowote wa mwili, ila zimepitwa na wakati kwa amri ya waliozitengenezea programu: tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha uangalizi wa kawaida wa Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani, kwa kukosa kichakataji kinachokubalika na kile kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, hazipewi idhini rasmi ya kupanda daraja kwenda Windows 11. Kwa hiyo shule ikipata fedha, au chama cha ushirika kikiidhinisha matumizi, au mwalimu mwenyewe akikopa katika SACCOS, kompyuta nyingine hutafutwa, mpya ya dukani au iliyotumika iliyotoka ng'ambo, na siku hiyo ya furaha ndiyo siku ya hatari kubwa kuliko zote kwa yale yaliyohifadhiwa katika ile ya kwanza.

Nasema hatari kwa makusudi. Kompyuta ni mali ya aliyeinunua, lakini yaliyomo ndani yake kwa sehemu kubwa ni amana ya watu ambao hawajapata hata kuigusa. Mwalimu wa sekondari anayo maazimio ya kazi na maandalio ya masomo, ambayo ni jasho lake mwenyewe, na akiyapoteza atayaandika upya kwa uchungu. Ama alama za wanafunzi, majina ya wazazi wao, namba zao za simu, na barua zenye siri za mtoto aliyekatiza masomo kwa ugonjwa, hizo si zake, wala hawezi kuziandika upya kwa kukumbuka. Karani wa chama cha msingi, ambacho watu wote hukiita AMCOS, hali yake ni hiyo hiyo na pengine nzito zaidi, kwa sababu tangu msimu wa mwaka 2018 ununuzi wa pamba ulipoelekezwa kupita katika vyama hivi, kilo za mkulima na malipo yake hupita mikononi mwake, na siku mkulima atakapodai kuwa kilo zake hazikuandikwa zote, ushahidi ulioko ni stakabadhi ya karatasi iliyofifia wino, na safu moja ya tarakimu ndani ya diski. Haya ndiyo ninayotaka msomaji ayashike kabla hatujashika bisibisi: kuhama kutoka kompyuta hata kompyuta ni makabidhiano ya amana, na makabidhiano hayakamiliki mpaka mpokeaji amehesabu alichopokea huku mkabidhi angali amesimama.

Kinyume cha hayo ndicho kinachotendeka. Adabu ya vijana wa maduka ya kompyuta ni njema: mwalimu akiingia fundi huinuka, husema "Shikamoo, mwalimu", huipokea mashine kwa mikono miwili, na baada ya kuiwasha na kuizima mara mbili tatu huuliza, "Mwalimu, nikupigie Windows mpya?" Katika swali hilo fupi imo hukumu ya miaka mingi ya kazi, maana kupiga Windows kwa desturi ya mafundi wengi huanza kwa kuifomati diski, na mwalimu, akidhani anaulizwa juu ya dawa ya uvivu wa mashine, hujibu, "Piga tu, mwanangu," akaenda zake sokoni. Fundi hana taksiri, kwa kuwa aliomba idhini akapewa, lakini laiti mwalimu angalijua anachoidhinisha, angalisema, "Subiri kwanza, mwanangu, diski hiyo usiifanye lolote mpaka nakala iwe mkononi mwangu."

Yafaa, basi, diski yenyewe ijulikane. Ya kwanza ya ukoo wake kuuzwa ilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956, nayo ilikuwa na sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24 kila moja, ikawa na uzito wa takriban tani moja, na pamoja na ukubwa wote huo ilihifadhi herufi milioni 5 tu. Hapa kwetu kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mambo yakaenda kombo kiasi kwamba mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku, marufuku ambayo ilikuja kulegezwa miaka ya baadaye. Ndiyo maana kizazi kizima cha makarani wa Usukumani kililelewa katika vitabu vya hesabu na karatasi za kaboni, na ujuzi wa kurithisha yaliyomo ndani ya mashine haukupata nafasi ya kuwa mila. Leo diski ya kompyuta mpakato, ile iitwayo ya inchi mbili na nusu, yenye uzito usiozidi sana gramu 100, yaweza kuchukua gigabaiti 500, yaani mara laki moja ya ile ya mwaka 1956, na hutiwa katika mfuko wa shati.

Ndani ya diski ya aina ya kwanza zimo sahani zinazozunguka, aghalabu mara 5,400 kwa dakika, na juu ya kila uso wa sahani upo mkono mwembamba wenye kichwa kinachosoma na kuandika, kikielea karibu sana na sahani kiasi kwamba chembe ya moshi ni kizuizi kikubwa mbele yake. Kwa sababu hiyo diski inayozunguka haipaswi kutikiswa, wala kifuniko chake cha chuma hakifunguliwi kwa hali yoyote ile, sembuse kufunguliwa kibarazani penye upepo. Anayesafirisha kompyuta kwa bodaboda kutoka Migato hadi Bariadi mjini na aizime kabisa kwanza, vichwa vikajiegesha mahali pake, badala ya kuifunga tu kifuniko ikiwa bado inapumua. Diski za aina ya pili, ambazo ni za SSD, hazina kitu kinachozunguka wala kusogea; huhifadhi data katika vipande vya kielektroniki, ni nyepesi na za kasi, na mtikisiko hauzidhuru; ila nazo hufa, na aghalabu hufa ghafla pasipo kutoa sauti ya kuonya.

Watu wengi hudhani kwamba njia nyepesi ya kuhama ni kuitoa diski katika mashine ya zamani na kuichomeka katika mpya, mambo yakaendelea kama yalivyokuwa. Dhana hii ilikuwa na ukweli kiasi zamani, lakini leo inavunjwa na maumbile. Diski ya zamani ni kipande cha mstatili chenye unene wa milimita 7 au 9.5, nacho hushikana na ubao kwa kiungo kiitwacho SATA. Ama kompyuta mpya nyingi hazina nafasi ya kipande hicho kabisa, zina mfereji mdogo wa kupokea kipande cha M.2, ambacho umbo lake la kawaida ni ukanda wenye upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80, na nyingine, zikiwamo MacBook za miaka hii, hifadhi yao imeunganishwa na ubao moja kwa moja wala haitolewi. Hata pale ambapo diski ya zamani ingeingia, Windows iliyomo ilizoea ubao mwingine na vifaa vingine. Yaweza kuamka, yaweza kukataa, na mara nyingi idhini yake ya matumizi iliyokuja na mashine ilifungamanishwa na ubao ule wa kwanza. Mimi simshauri mwalimu wala karani kuishika njia hii. Windows ya kompyuta mpya na iachwe mahali pake. Kinachohamishwa ni data.

Kifaa kinachofaa ni cha bei ndogo, nacho ni kasha la diski lenye waya wa USB, lipatikanalo katika maduka ya kompyuta mijini, au huagizwa Mwanza au Kariakoo kwa anayekwenda huko. Kazi yenyewe huendeshwa hivi. Kompyuta ya zamani huzimwa, waya wa umeme ukachomolewa, na betri, ikiwa ni ya kutolewa, ikatolewa. Kisha hugeuzwa kifudifudi juu ya kitambaa safi juu ya meza, na skrubu za kifuniko cha chini hufunguliwa moja moja, huku kila moja ikiwekwa juu ya karatasi iliyochorwa umbo la kifuniko, mahali pale pale ilipotoka, kwa sababu skrubu hizo hazilingani urefu, na ndefu ikitiwa penye fupi hutoboa ubao. Kabla ya kugusa kilichomo ndani, fundi mwenye hadhari hugusa chuma kilichoshikana na ardhi ili umeme tuli wa mwilini mwake uondoke. Diski huonekana pembeni, imelazwa katika kitanda chake cha bati. Haivutwi juu, husukumwa kando polepole kwa usawa wa ubao mpaka meno ya kiungo yaachiane, kisha huinuliwa. Kazi yote haizidi robo saa kwa mkono uliozoea. Diski ikiisha kuvishwa kasha lake na kuchomekwa katika kompyuta mpya, hutokea pale kama flashi kubwa, yenye herufi yake, D au E, na mafaili yote yamo.

Hapo mgeni wa kazi hii hukutana na kizuizi cha kwanza. Akilifungua folda lenye jina la mtumiaji wa zamani, kompyuta mpya humwambia kuwa hana ruhusa ya kuingia. Asifadhaike, maana akikubali kuendelea, naye ni msimamizi wa kompyuta hiyo mpya, mlango hufunguka baada ya muda. Kizuizi cha pili ni kizito zaidi, nacho kimewaliza wengi. Kompyuta za miaka ya karibuni mara nyingi huifunga diski yao kwa fumbo, kazi ambayo katika Windows huitwa BitLocker, na ufunguo wa kila siku hukaa ndani ya kile kijisehemu cha TPM kilichoko katika ubao wa mashine. Diski ikitengwa na ubao wake huwa haisomeki mpaka itiwe ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48. Ufunguo huo aghalabu umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mtu aliyeisajili kompyuta siku ya kwanza, ambaye katika shule au chama pengine ni mtu aliyekwisha kuhamishwa kituo. Maadam mashine ya zamani ingali inawaka, fumbo hilo hufunguliwa kwa utaratibu kabla ya kuitoa diski, au tarakimu zile zikanakiliwa katika karatasi. Mashine ikiisha kufa, na tarakimu hazipo, hakuna fundi wa Bariadi wala wa Dar es Salaam awezaye kuifungua.

Juu ya kunakili kwenyewe ninalo neno moja ambalo ningependa liandikwe ukutani katika kila duka la kompyuta: nakili, usikate. Katika Windows mtu aweza kuyakata mafaili upande huu na kuyabandika upande ule, na kwa macho yake huona yamehama vizuri. Lakini umeme ukikatika, au waya ukalegea katikati ya safari, hukuta sehemu iko huku, sehemu iko kule, na faili lililokuwa njiani halina uhakika wa kwao. Anayenakili hana hofu hiyo, kwa kuwa asili haijaguswa. Akikatizwa huanza tena. Ni vizuri pia kompyuta mpya iwe na betri iliyojaa kabla ya kuanza, hasa kwa anayetegemea sola, ambaye wingu la masika humkatia umeme pasipo taarifa.

Muda wa kazi waweza kukadiriwa mapema kwa hesabu nyepesi, na ajabu ni kwamba watu huipuuza hesabu hii, kisha wakailaumu mashine kwa uzito. Tundu la USB la zamani, la toleo la 2.0, kwa matumizi ya kweli hupitisha takriban megabaiti 30 kwa sekunde. Kwa hiyo gigabaiti 60 za mwalimu huhitaji dakika 33 hivi, na diski iliyojaa gigabaiti 500 huhitaji zaidi ya saa nne na nusu. Tundu la toleo la 3.0, ambalo mara nyingi hutambulika kwa ulimi wake wa buluu, huiachia diski inayozunguka kasi yake yote, ambayo yafika megabaiti 100 kwa sekunde au zaidi kidogo, na muda ukapungua hadi chini ya theluthi. Mafaili madogo madogo maelfu huchukua muda mrefu kuliko faili moja kubwa lenye uzito sawa na hayo yote, maana kichwa cha diski hutangatanga kuyatafuta. Ama wale wasemao kwamba leo hakuna haja ya waya wala kasha kwa kuwa kila kitu chaweza kupandishwa mtandaoni na kuteremshwa upande wa pili, nao wakumbuke kuwa kwa mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde zisizokatika, gigabaiti hizo 60 zahitaji zaidi ya saa 13 kupanda na saa nyingine kama hizo kushuka, bando likiteketea njia nzima, na kwamba akaunti ya bure ya Google ina nafasi ya gigabaiti 15 tu. Mtandao wafaa kwa yale machache ya thamani, mathalani orodha ya wakulima au jedwali la alama. Haufai kwa kuhamisha nyumba nzima. Flashi nayo ina mipaka yake: iliyofomatiwa kwa mtindo wa FAT32 haikubali faili moja linalozidi gigabaiti 4, na mtu huona video ya mahafali inakataliwa ilhali nafasi tele ipo.

Lipo kosa jingine ambalo kwa udogo wake ningelipita, lau si kwamba hasara yake ni kubwa. Vile vijipicha vilivyoko katika uso wa kompyuta, vingine ni mafaili na vingine ni vielekezi tu vya kuonyesha faili liliko, navyo hutambulika kwa mshale mdogo ulioko pembeni. Mtu huvikusanya vyote, akavitia katika flashi, akafurahi kuona kazi imekwisha kwa dakika moja. Akifika kwenye mashine mpya huambiwa kuwa faili halipo, kwa kuwa alichobeba ni mshale, na faili lenyewe lilibaki nyumbani, nayo nyumba pengine imekwisha kufomatiwa. Kuna tena virusi vilivyoenea mno katika flashi za shule na steshenari, ambavyo huyaficha mafolda ya kweli na kuweka mishale yenye majina yale yale, ili kila anayebofya mshale avieneze; flashi ya namna hiyo haifai kuwa chombo cha kuhamia, na diski ya zamani yenyewe, kabla ya mafaili yake kunakiliwa, yapasa kupekuliwa na programu ya kinga iliyomo katika kompyuta mpya.

Programu hazinakiliwi. Yeye anayedhani kuwa akilibeba folda la Microsoft Office, au la programu ya mahasibu, ataipata ikifanya kazi upande wa pili, atapata gofu. Programu husimikwa upya, kwa leseni yake, na msomaji afanye orodha ya zile anazozitumia na namba za leseni zake kabla ya kuiaga mashine ya zamani. Baadhi ya programu za hesabu zinataka leseni irejeshwe kwanza kutoka mashine ya awali ndipo ikubalike katika mpya. Data za programu hizo nazo aghalabu hazikai katika folda la nyaraka ambalo kila mtu hulijua, bali katika mafolda yaliyofichwa au katika mzizi wa diski C, na huko ndiko zinakosahauliwa barua pepe za miaka na vitabu vya hesabu vya chama. Kwa mwenye shaka, dawa ni kunakili diski nzima kama ilivyo, kila chembe, kwa programu kama Clonezilla, ambayo ni ya bure, ilimradi diski inayopokea iwe na ukubwa usiopungua ile inayotoa.

Baada ya hayo huja sehemu ambayo watu huiruka kwa uchovu, nayo ndiyo makabidhiano yenyewe. Folda la zamani hubofywa kwa kitufe cha kulia cha kipanya ili sifa zake zionekane: idadi ya mafaili na jumla ya ukubwa, kisha la upande mpya hutazamwa vivyo hivyo, na tarakimu mbili hizo zikilinganishwa. Zikipishana, sababu hutafutwa. Zikilingana, bado haitoshi, maana hesabu yaweza kuwa sawa ilhali faili limeharibika. Kwa hiyo hufunguliwa mafaili kadhaa yaliyochaguliwa kwa akili: lile kubwa kuliko yote, lile la zamani kuliko yote, jedwali la alama la mwaka huu, na picha moja katika kila mwaka. Karani wa AMCOS aweza kwenda mbali zaidi, akachukua stakabadhi za karatasi za wakulima wachache na kulinganisha kilo zao na zilizoko katika jedwali jipya, mbele ya mjumbe mmoja wa bodi. Hiyo ni kazi ya saa moja, na asubuhi ya siku ya malipo hakuna mtu atakayeijutia.

Ama ikiwa diski yenyewe ni mgonjwa, mpango wote hubadilika. Dalili zake ni mashine kuganda kila inapofungua folda fulani, mafaili kufunguka nusu, na ile sauti ya kugonga, ka, ka, ka, yenye mpangilio, ambayo ni ya kichwa kinachotafuta njia na kuikosa. Anayeisikia sauti hiyo na azime mara moja. Kila dakika ambayo diski inazunguka katika hali hiyo yaweza kuwa dakika ya mwisho, na kuipitishia programu za kukarabati mara kwa mara ni kumchosha mgonjwa anayekata roho. Fundi hodari huitoa, huiunganisha na kompyuta nyingine, huchukua kwanza yale machache yenye thamani kuu, kisha hutumia programu kama ddrescue, ambayo huyasoma kwanza yanayosomeka kwa wepesi na kuyaacha mabovu yarudiwe mwishoni. Wapo washaurio diski itiwe katika friji usiku kucha. Ushauri huo uachwe mahali ulipookotwa. Unyevu unaojikusanya juu ya sahani baada ya baridi humaliza kile kilichobaki.

Tuseme sasa yote yamekwenda salama, kompyuta mpya inafanya kazi, na ya zamani imebaki. Mnunuzi hakosekani, kwani kijana anayeanza kujifunza haoni ubaya wa mashine iliyochoka. Hapa ndipo sheria inapoingia. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia ikazinduliwa mwezi Aprili 2024. Sheria hiyo inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde zisiangukie mikono isiyohusika, wala haikusema kwamba wajibu huo wa shule au chama unakoma pale kompyuta inapouzwa. Na mtu asijidanganye kuwa amefuta kwa sababu amebofya neno la kufuta na kulimwaga pipa la taka. Kompyuta ikifuta faili kwenye diski inayozunguka hufanya kama karani wa mnada aliyelikata jina la ng'ombe katika daftari: ng'ombe mwenyewe angali zizini, na ajuaye njia ya zizi atamkuta. Hata kufomati kwa haraka hakubadilishi mambo. Kufomati kamili, katika Windows zote tangu Vista, huandika sifuri juu ya diski nzima, na kwa gigabaiti 500 kazi hiyo huchukua yapata saa moja na nusu au zaidi. Hiyo yatosha kwa diski inayozunguka iliyo nzima. Kwa SSD hutumika amri ya kufuta iliyotayarishwa na mtengenezaji wake. Diski iliyokufa, isiyoweza kuandikwa tena, hutobolewa kwa keekee mpaka upande wa pili.

Lakini kwa maoni yangu diski ya zamani iliyo nzima isiuzwe kabisa. Kasha lilikwisha kununuliwa, diski imo ndani yake, na mafaili yote ya miaka iliyopita yamo. Ikiandikwa tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito na kufungiwa katika kabati la mkuu wa shule, au sanduku la chama, mbali na kompyuta mpya ili mwizi mmoja asizichukue zote mbili, huwa nakala rudufu ambayo wengi hutamani kuwa nayo siku kompyuta mpya inapoanguka. Mara moja kwa mwezi huchomekwa, mafaili mapya yakaongezwa, ikarudishwa. Kwa bodi za AMCOS na wakuu wa shule wa Migato na kata jirani, ombi langu ni hili: bajeti ya kompyuta iandikwe pamoja na kasha la diski, jina la atakayeshika tarakimu 48 za dharura liingizwe katika muhtasari wa kikao, na mashine ya zamani ikiuzwa, iuzwe bila diski. Mnunuzi atapunguziwa bei kidogo, atanunua diski yake mpya, na hatakuwa na haki ya kulalamika.